Tulivyosoma Mvua Ikinyesha

Mwanzoni mwa miaka ya sitini, nilipokuwa naanza kusoma Kiswahili katika shule ya msingi upande wa Nyamira, kitabu chetu kilikuwa na ukurasa ulioandikwa "Baba analima." Juu ya maneno hayo palikuwa na picha ya mtu ameshika jembe. Mwalimu alisoma, sisi tukamfuatisha, na mimi nikawa miongoni mwa waliosifiwa kwa kutamka vizuri. Shida ni kwamba kwa Ekegusii, lugha tuliyokuwa tukiongea nyumbani, baba ni mama. Baba mzazi tunamwita tata. Kwa hiyo muhula mzima nilisoma kitabu kile nikijua kinaeleza habari za mama anayelima, na sikuona ajabu yoyote, maana mama yangu ndiye aliyekuwa shambani tangu alfajiri. Picha ilionyesha mwanamume, lakini nilidhani mchoraji hakujua kuchora gauni.

Jioni moja nikamsomea tata. Nilipomaliza nikamwambia kwamba kitabu chote kinamsifu mama. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

"Huyo anayelima ni mimi," akasema. "Kwa Kiswahili, baba ni mimi."

Mama alikuwa akichambua chinsaga, zile mboga zetu chungu, na hakuinua hata kichwa. "Basi kitabu chenyewe kinasema uongo," akasema.

Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hicho ili watu wacheke. Nilikuwa mwalimu tayari nilipoanza kukitazama kwa jicho lingine.

Nilimaliza mafunzo ya ualimu katikati ya miaka ya sabini, nikapelekwa kufundisha hesabu katika shule ya sekondari ya harambee, juu ya kilima kati ya mji wa Kisii na Nyamira. Wazazi walikuwa wameijenga kwa mikono yao: madarasa manne ya matofali, sakafu ya udongo, na mabati yasiyokuwa na dari chini yake. Mashamba ya chai yalianzia kwenye ua wa shule na kuteremka hadi mtoni. Tulikuwa walimu sita pamoja na mwalimu mkuu, na mwanamke nilikuwa peke yangu. Wavulana wawili wa kidato cha nne walikuwa na ndevu, na siku ya kwanza mmoja wao aliniuliza kama nimekuja kumtembelea mdogo wangu.

Nilifundisha kama nilivyofundishwa. Vitabu vilikuwa vya Kiingereza, kimoja kwa wanafunzi watatu. Likija swali lenye maelezo, nililisoma mimi, nikachambua maneno kichwani mwangu, nikaandika ubaoni zile namba na alama zake, halafu nikawaambia wakokotoe. Walikokotoa kwa kasi ya ajabu. Madaftari yao yalijaa alama zangu nyekundu za vyema, nami nikalala usingizi mzuri.

Kilichonivuruga ni mvua. Kwetu, miezi mingi ya mwaka, mawingu hujikusanya baada ya chakula cha mchana, na ikifika saa tisa mvua hushuka, mara nyingine na mawe yake. Chini ya mabati yale hata ungepiga kelele usingesikika na aliye mbele yako. Kila somo lilisimama. Mwalimu wa Kiingereza na historia, bwana wa makamo aliyevaa koti jua liwe au baridi iwe, alikuwa akifunga daftari lake na kutazama dirishani mpaka mbingu zichoke. Mwalimu wa kilimo, kijana mwenzangu aliyetoka karibu na Nyakoe, alikuwa akitoka mbio kwenda kufunika vitalu vya miche. Wanafunzi walilaza vichwa juu ya madawati.

Mimi, kwa kuwa nilikuwa mgeni na mwenye pupa, sikutaka kupoteza kipindi. Mvua ilipoanza niliandika ubaoni nambari ya ukurasa na kuwaonyesha kwa mkono wasome na kufanya swali la tatu. Nikapita kati ya madawati. Macho yote yalikuwa kitabuni, vidole vikifuata mistari, midomo ikicheza. Lakini hakuna aliyeshika kalamu. Mvua ilikatika, madaftari yakiwa meupe. Nikadhani ni uvivu. Siku ya pili ikawa vivyo hivyo, na ya tatu.

Kidato cha pili kilikuwa na msichana mmoja kutoka upande wa Itumbe, kwenye kiwanda cha chai. Alikuwa mrefu, mkimya, na sweta lake lilikuwa limetiwa viraka viwikoni kwa uzi wa rangi nyingine. Kwa kukokotoa hakuwa na mpinzani. Nilikuwa nimeshamsifia kwa mwalimu mkuu, nikasema huyu atatuletea heshima. Siku ile ya tatu, mvua ilipotulia, nikamwambia asimame asome swali.

Lilikuwa swali la kawaida. Shamba la mstatili lina urefu unaozidi upana wake kwa futi kumi. Mzunguko wake ni futi mia moja. Tafuta urefu na upana. Alilisoma kwa Kiingereza safi, akipumzika kwenye kila nukta, sauti yake haikukwama hata mara moja.

"Vizuri sana," nikasema. "Swali linataka nini?"

Akarudisha macho kitabuni.

"Soma tena."

Akasoma tena, vizuri zaidi ya mara ya kwanza.

"Haya. Urefu na upana, kipi kikubwa?"

Alitazama ukurasa kama anayengoja mtu atoke ndani yake. "Futi mia moja, mwalimu," akasema.

Laiti ningekaa kimya. Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa na aibu kwamba nimemsifia mtu asiyeweza swali la namna ile. Nikasema, "Wewe unasoma kama redio. Redio inasema maneno yote na haielewi hata moja."

Darasa likaangua kicheko. Kufikia saa ya kwenda nyumbani, neno lilikuwa limefika getini kabla yake. Wavulana walimwona akipita, wakanyoosha mikono na kuzungusha vidole hewani, kama mtu anayetafuta stesheni.

Alikuja siku mbili zaidi, kisha dawati lake likabaki tupu. Mwalimu wa kilimo, ambaye ndiye aliyeshika rejista ya darasa lile, alinikuta ofisini kwa walimu.

"Yule msichana wako wa hesabu, leo siku ya nne hayupo," akaniambia. "Nasikia amekataa shule kwa sababu ya redio."

"Redio gani?" nikauliza, nami nilijua.

Alifungua rejista, akaandika, akaifunga.

Jumapili ile baada ya misa sikurudi nyumbani. Nilivaa viatu vya kutembelea, nikashuka mabonde mawili na kuuliza njia kwa watu niliokutana nao, mpaka nikafika. Niliwakuta shambani, mama na binti, wakichuma chai, vikapu mgongoni. Wao walikuwa Wasabato, kwa hiyo Jumapili ilikuwa siku ya kazi kama nyingine. Msichana aliponiona hakuacha kuchuma. Vidole vyake viliongeza mwendo, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, macho yakiwa kwenye kichaka.

Mama yake alitua kikapu, akajifuta mikono kwenye leso. "Mwalimu, karibu," akasema kwa Ekegusii. "Umetembea mbali. Mtoto wangu amekosa nini?"

"Hajakosa, mama. Nimekuja kumwona."

Hakuniamini, nikaona. Mwalimu haji nyumbani kwa mtu Jumapili kwa sababu hakuna kosa. Hata hivyo alinikaribisha ndani, akanipa uji wa wimbi na ndizi zilizoiva. Nyumba ile ilikuza chai lakini haikuinywa. Imani yao haikuwaruhusu. Tukaongea habari za mvua na za ng'ombe. Msichana aliketi karibu na mlango, magoti pamoja, akitazama nje.

Kisha mama akatoa bahasha ndani ya kikapu kilichoning'inia ukutani. "Kwa kuwa Mungu ameleta mwalimu," akasema, "nisaidie. Kaka yangu anafanya kazi Nakuru. Ameandika kwamba ni mzima. Mimi moyo wangu unakataa. Sikiliza, kisha uniambie." Akamgeukia binti yake. "Msomee mwalimu."

Msichana alisita, halafu akaichukua. Barua ilikuwa ya Ekegusii, ukurasa mmoja na nusu. Akasoma sentensi mbili, mama akamkatiza.

"Hapo. Mbona hajauliza habari za ng'ombe? Kila mara huuliza."

"Ameuliza kwa kuzunguka, baba," binti akamjibu, akimwita mama yake kwa jina letu la nyumbani. "Tazama, anasema nisalimieni kila kilicho hai hapo. Lakini kweli, zamani angemtaja yule mwekundu kwa jina." Akarudi mstari wa juu, akausoma polepole. "Na hapa anasema atakuja wakimpa ruhusa. Barua ile nyingine alisema atakuja mvua zikiisha. Ruhusa ya nani? Mtu anayeomba ruhusa aje nyumbani, labda yuko hospitali."

"Au amebadilishwa kazi," mama akasema.

"Angebadilishwa kazi angejisifu. Unamjua."

Wakabishana hivyo kwa muda, wakirudi nyuma na kwenda mbele katika barua ile, mama ambaye hakuwahi kukanyaga shule na binti ambaye mimi nilikuwa nimemwita redio. Waliipekua kama mtu anayechambua mchele. Mimi niliketi na kikombe changu cha uji mkononi, nikasahau kwamba nilikuwa nimeombwa ushauri. Walipofika mwisho, nilisema tu kwamba wamwandikie na kumuuliza waziwazi, na mama akakubali.

Msichana alinisindikiza hadi kwenye kijito. Njiani nikaona bora nianze.

"Ile barua umeisoma vizuri sana."

"Ni barua ya mjomba, mwalimu."

"Na kitabu cha hesabu? Kwa nini hukisomi hivyo?"

Alifikiri. "Kitabu cha shule hakiulizwi," akasema. "Kinasomwa tu."

"Nani alikwambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Lakini wewe, mwalimu, unalisoma swali mwenyewe, unatuambia andikeni hivi. Mwalimu wa historia anasoma, tunaandika. Hata wa kilimo. Hakuna aliyewahi kutuuliza kitabu kinasema nini. Kwa hiyo uliponiuliza, nilidhani ni mtego."

Nilisimama njiani. Zile alama zote nyekundu nilizojivunia zilikuwa za kazi yangu mwenyewe. Niliwasomea, nikawatafunia, wakameza, nikawapa sifa ya kutafuna. Hapo ndipo nilipokumbuka yule baba wa kitabuni na jembe lake, na jinsi nilivyosifiwa muhula mzima bila mtu kuniuliza ninaona nini pale. Nikamsimulia. Alianza kutabasamu nilipofika kwa mchoraji asiyejua gauni, na nilipomaliza na neno la mama yangu alikuwa akicheka kwa sauti, mkono mdomoni.

"Nilikukosea," nikamwambia. "Neno lile sikupaswa kulisema."

Siku zile mwalimu hakuwa akimwomba mwanafunzi msamaha, na wala sikujua niuombe kwa namna gani. Aliinamisha kichwa, akachora udongo kwa kidole cha mguu.

"Mimi nimesikia," akasema. "Waambie wao."

Jumatatu niliwaambia. Nilisimama mbele ya kidato cha pili, nikasema kwamba nilimtukana mwenzao kwa kosa ambalo lilikuwa langu, kisha nikawapa kisa cha baba anayelima. Walikipenda kupita kiasi. Kufikia mwisho wa juma jina la redio lilikuwa limesahaulika, na mimi nilikuwa nimepewa jina jipya. Nilikuwa nikipita kwenye veranda nikisikia nyuma yangu, "Baba Analima anakuja!" Nilivumilia. Msichana alirudi Jumanne, akakaa dawati la nyuma.

Tukaanza upya. Kila mvua iliponyesha tulisoma, na ilipokatika tuliliuliza swali kama barua. Aliyeliandika anajua nini? Anatuficha nini? Anataka tumrudishie nini? Yule msichana alisoma tena lile swali la shamba, akauliza, "Unaozidi maana yake ni kwamba urefu ndio mkubwa?" Nikasema ndiyo. Alichora mstatili, akaandika namba zake, na kabla sijageuka alikuwa amemaliza: thelathini kwa ishirini. Kukokotoa hakujawahi kumshinda. Ni mlango tu ulikuwa umefungwa.

Mambo mengine yalinishangaza. Katika jaribio nililokuwa nimeuliza tofauti ya kumi na tano na tisa, mvulana mmoja alikuwa ameandika kwamba kumi na tano ni kubwa. Nilikuwa nimemchorea mkasi mwekundu wa kosa bila kufikiri. Sasa nikamwita, nikamuuliza. Alisema, "Ukiniuliza tofauti ya ng'ombe na mbuzi, si nitakwambia ng'ombe ni mkubwa?" Alikuwa amejibu sawasawa swali ambalo mimi sikujua nimeuliza. Nikajifunza kwamba kila somo lina maneno yake, ambayo yamevaa nguo za maneno ya kila siku, na anayeyajua ni mwalimu wa somo hilo. Nisipoyafundisha mimi, nani atayafundisha?

Nilipeleka jambo hilo kwenye mkutano wa walimu. Nikaomba kwamba mvua ikianza, kila mwalimu, wa somo lolote, awape wanafunzi kitu cha kusoma cha somo lake, na ikikatika awaulize wameelewa nini.

Mwalimu wa Kiingereza na historia alikohoa. "Madam," akasema, "kusoma ni kazi yangu. Wewe fundisha hesabu zako. Mimi siji kwenye ubao wako kujumlisha."

"Kusoma hadithi ni kazi yako, mwalimu," nikasema. "Lakini swali la mstatili utawasomea wewe?"

"Nao mtihani," mwalimu mkuu akaingilia. "Mtihani hauulizi mvua. Mkinichelewesha silabasi, wazazi watakuja hapa na fimbo." Alitutazama mmoja mmoja. "Muhula mmoja. Anayetaka ajaribu. Asiyetaka asilazimishwe."

Aliyetaka alikuwa mmoja, mwalimu wa kilimo. Hakuwa na vitabu vya kutosha, kwa hiyo alileta karatasi ya maelezo iliyokuja na mfuko wa mbolea, akaikata vipande na kuwapa kwa makundi. Siku ile mvua ilinyesha karibu saa nzima. Ilipokatika, mvulana akanyoosha mkono.

"Mwalimu, karatasi inasema mbolea iwekwe mbali kidogo na shina. Wewe ulituambia tuweke kwenye shina."

Alikuja ofisini akiwa amekunja uso. "Madam, umeniletea balaa," akasema, akatupa kipande cha karatasi mezani. "Hebu soma hapa." Nikasoma. Mvulana alikuwa sahihi. Mwalimu alikaa, akasugua magoti yake kwa muda mrefu. "Miche yangu ile iliyokauka," akasema hatimaye. "Nilidhani ni wadudu." Kesho yake aliwaambia darasani kwamba karatasi ndiyo iliyosema kweli, wakatoka wote kwenda kutengeneza vitalu upya. Tangu siku hiyo wanafunzi walikuwa wakija kwenye somo lake wamesoma kabla, kwa matumaini ya kumkamata tena.

Mwalimu wa historia aliendelea kutazama dirishani. Nilimchukulia kuwa mkaidi, na nakiri kwamba nilimsema kwa mwalimu wa kilimo kwa maneno ambayo sitayarudia hapa. Kisha alasiri moja mvua ya mawe ilipiga hata tukahofia mabati. Sikuwa na kipindi, nilikuwa ofisini, na yeye akaingia akiwa ameacha darasa lake. Alikaa kwenye kiti cha pembeni. Mvua ilipopungua kidogo, aliongea bila kunitazama.

"Unadhani mimi ni mkaidi."

"Sijasema hivyo, mwalimu," nikasema, uso ukinichoma.

Akatoa daftari lake ndani ya koti, lile alilokuwa akilisoma darasani, lenye jalada la karatasi ya kaki. Akaliweka mezani. "Kiingereza nina vitabu. Historia, kitabu cha shule hii ni hiki. Niliyaandika haya nikiwa chuoni, mengine niliyaongeza mwenyewe. Tumeambiwa tufundishe habari za Afrika, nami nafurahi, lakini vitabu vyake havijatufikia. Sasa nikiwaambia wasome, wasome nini?"

Nililitazama daftari. Kingo zake zilikuwa zimelainika kama kitambaa.

"Wanadhani nina maktaba nyumbani," akasema. "Wazazi wao wanadhani hivyo. Wakijua kwamba mwisho wa elimu yangu ni ukurasa wa tisini wa daftari hili..." Hakumaliza.

Nilikuwa nimejiona mjuzi kwa majuma kadhaa, kumbe mwenzangu alikuwa akiogopa kitu ambacho sikuwahi kuuliza. Mwishowe nilisema, "Waache wasome hilo hilo."

"Watakuta makosa."

"Ya chuoni au yako?"

"Yote mawili," akasema, na kwa mara ya kwanza nikamwona akicheka, kidogo tu, puani. Akachukua daftari, akarudi darasani.

Majuma mawili yakapita. Siku moja nilikuwa nikipita kwenye veranda, mvua ikinyesha, nikachungulia darasa la kidato cha pili. Daftari lilikuwa limewekwa wazi juu ya dawati la mbele. Wanafunzi walilisoma kwa zamu, kikundi kwa kikundi, wakiandika kwenye vikaratasi. Mwalimu alikuwa ameketi nyuma yao kwenye dawati la wanafunzi, koti limefungwa vifungo vyote, mikono juu ya magoti, kama mtu anayengoja kwa daktari. Nikabaki pale mpaka mvua ilipokatika.

"Haya," nikamsikia akisema. "Limesema nini? Na ni wapi hamkuliamini?"

Kisha yule msichana wa Itumbe akasimama. "Mwalimu, ukurasa wa kumi na mbili unasema watu wetu walihama kwa sababu ya njaa. Ukurasa wa hamsini unasema walihama kwa sababu ya vita. Ni ipi?"

Mwalimu alikwenda mbele, akafunua kumi na mbili, akafunua hamsini, akarudi kumi na mbili. Nilimwona akisoma maandishi yake mwenyewe kama ya mtu mwingine.

"Hii ya njaa nilipewa na mwalimu wangu," akasema polepole. "Hii ya vita nilisimuliwa nyumbani. Nimezifundisha zote mbili miaka sita. Sikuwahi kuziweka pamoja."

Hakuna aliyecheka. Mvulana mmoja akasema kwao husemwa ilikuwa ni mbu na homa. Mwingine akasema ng'ombe. Mwalimu akachukua chaki, akaziandika zote ubaoni, kisha akawatuma kila mmoja akaulize kwao na aje na ukurasa mmoja ulioandikwa vizuri. Kurasa zile zilishonwa pamoja kwa sindano na uzi, zikawa kitabu cha pili cha historia cha shule yetu. Yeye mwenyewe hakuwahi kusema kwamba alijiunga na mpango wangu, nami sikumuuliza.

Muhula ulipokwisha, mwalimu mkuu hakutaja silabasi. Alisema tu kwamba walimu wote, wakitaka, waendelee. Hatukuchelewa sana, wala hatukuwahi. Ningependa kusema kwamba darasa lile lilipofika kidato cha nne matokeo yake ya mtihani yalishangaza wilaya, lakini haikuwa hivyo. Wachache walifanya vizuri kuliko tulivyotarajia, wengi walifanya kama kawaida, na wengine walianguka. Yule msichana alifaulu hesabu na historia, akaanguka kemia, maana maabara hatukuwa nayo na kemia haisomwi kwa karatasi peke yake. Mjomba wake wa Nakuru alikuwa ameugua kweli, akapona. Mimi nilihamishwa kwenda shule nyingine karibu na mji, upande wa Nyanchwa, ambako paa lilikuwa na dari na mvua haikukatiza mtu. Huko nililazimika kuomba saa ya kusoma kwenye ratiba, na kubishana upya na walimu wapya. Mara nyingine nilishinda.

Miaka ya sabini ikielekea mwisho, nilikutana na yule msichana soko la Nyakoe. Alikuwa ameolewa, ana mtoto mgongoni, anauza ndizi na kufundisha chekechea ya kanisani kwao asubuhi. Tulishikana mikono tukashindwa kuachana. Nami, kwa udhaifu wa walimu, nilitaka kusikia sifa. Nikamuuliza kama yale tuliyoyafanya wakati wa mvua yalimsaidia.

Alifikiri kwa makini, kama alivyofikiri siku zote. "Hesabu nilikuwa najua, mwalimu," akasema. "Ninachokumbuka ni siku ulipokwama ubaoni. Kulikuwa na swali la tangi na mabomba mawili. Ukaandika, ukafuta, ukaandika. Kisha ukasema, hili sijalielewa, naenda kulisoma nyumbani. Kesho yake ukaja nalo. Mimi sikujua kwamba walimu husoma. Nilidhani mlishamaliza."

Sikuikumbuka siku hiyo hata kidogo. Nilijaribu, pale sokoni, kulitafuta lile tangi kichwani mwangu, sikulipata. Mtoto wake alianza kulia, wateja wawili walikuwa wakipima ndizi zake kwa macho. Alinifungia kichane cha ndizi kwa kamba ya mgomba, akakataa maneno yangu ya shukrani, akageuka kuwahudumia.